Prosesa asilimia 100: tuliyopitia na seva ya biashara Lubumbashi

Haya nayaandika kwa fundi anayetunza seva ya biashara peke yake, mbali na walioandika programu, huku ofisi nzima imemsimamia mgongoni. Mimi nilikuwa katika hali hiyo Lubumbashi, kwenye kampuni inayouza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, rangi. Depo kubwa iko mjini, na matawi yako Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Wote wanafanya kazi ndani ya programu moja, na programu hiyo inakaa kwenye seva moja ya Linux yenye hifadhidata ya PostgreSQL na prosesa ya viini (cores) vinne.

Kila asubuhi programu ililemaa. Mteja amelipa, karani amebonyeza kutoa faktire, yaani ankara, na kiduara kinazunguka tu kwenye skrini. Bila faktire hakuna boni, ile hati ya kutolea mzigo, na bila boni mlinzi wa depo hafungui geti hata kama kamioni imeshapakiwa. Dereva wa Kasumbalesa aliyetaka kuondoka mapema anajikuta bado mjini saa sita mchana, jua limemkaa kichwani, na matusi yote yanamwangukia binti wa kaunta ambaye hana kosa. Wateja wengine walidai warudishiwe hela yao wakaenda kununua kwa jirani. Hasara ya namna hiyo hakuna seva inayoiandika popote, lakini mwisho wa mwezi unaiona kwenye sanduku.

Dawa niliyoikuta pale ilikuwa moja: kuzima na kuwasha. Ikifika hali hiyo, mtu yeyote mwenye ufunguo wa chumba cha seva aliingia akafinya kitufe. Mambo yalitulia kwa muda, kisha yakarudi palepale. Naelewa kwa nini watu waliishika dawa hiyo, maana foleni ya wateja haisubiri uchunguzi. Lakini kuzima seva kunafuta kila kitu ambacho kingekuambia nani anakula prosesa: mchakato, yaani programu iliyokuwa inaendeshwa, unakufa, swali (query) lililokuwa linaendeshwa kwenye hifadhidata linapotea, na wewe unabaki na mashine safi isiyo na la kusema. Jambo la kwanza nililoomba ni kwamba mtu asiguse kitufe kabla hajaniita, hata kama itagharimu dakika 10 za hasira. Kulipata hilo ilikuwa kazi ngumu kuliko amri zote nilizoandika baadaye.

Mzee mwenye kampuni alikuwa ameshaletewa proforma, yaani hati ya bei, ya seva mpya, kwa dola, na ukijumlisha usafiri na forodha si pesa ya mchezo. Aliniambia, "Mwanangu, kama ni kununua, tununue tu. Nimechoka kusikia kelele." Nikamjibu, "Papa, nipe wiki moja. Nikikosa sababu, nunua." Usiku ule sikulala vizuri. Ukishamwambia mtu mzima maneno kama hayo, jina lako ndilo liko mezani.

Asubuhi iliyofuata niliifungua amri ya top, inayoonyesha nani anakula prosesa, kabla watu hawajafika na kuiacha wazi. Ukibonyeza tarakimu 1 ndani yake, inakuonyesha kila kiini peke yake, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu asilimia ya jumla inadanganya. Mchakato mmoja ukiandikwa 100% maana yake umejaza kiini kimoja, si mashine nzima. Kwenye viini vinne kikomo ni 400%. Kisha soma herufi za mstari wa prosesa. us ni kazi ya programu zenyewe, sy ni kazi ya mfumo endeshi wenyewe (kernel), wa ni prosesa inayokaa bure ikingoja diski. Kwetu us ilikuwa juu kabisa na wa karibu sifuri. Hapohapo nikajua kwamba diski haina hatia, na kwamba kununua diski ya kasi, kama mmoja wa ofisini alivyopendekeza, kungekuwa kutupa hela. Waliokuwa wanakula prosesa walikuwa michakato ya postgres. Nilitazama pia kama kuna mchakato wa jina geni au wa mtumiaji nisiyemjua, kwa sababu seva nyingi hutekwa na programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri, na dalili yake ni hiyohiyo ya prosesa kujaa. Hapakuwa na kitu.

Kuna tarakimu tatu za load average ambazo watu huzitazama kwa hofu. Ni wastani wa dakika 1, 5 na 15 wa michakato inayoendeshwa au inayongoja zamu, na kwenye Linux ile iliyokwama kungoja diski nayo inahesabiwa humo. Kwa viini vinne, 4 ni mashine iliyojaa sawasawa. 9 ni foleni. Ukiona ya kwanza ni ndogo kuliko ya tatu, mzigo unapungua, basi vuta pumzi kwanza.

Kabla sijaingia kwenye hifadhidata, kitu kimoja kilinisumbua. Mchana hali ilikuwa mbaya kuliko asubuhi, ingawa watu walikuwa wachache. Ilikuwa Oktoba. Anayeijua Lubumbashi anajua joto la mwezi huo kabla mvua hazijashika, na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye droo iliyofungwa. Umeme ukikatika, jenereta ya kampuni hulisha seva na kompyuta za kaunta, lakini kiyoyozi cha chumba cha seva hakikuwa kwenye laini ya jenereta. Niliandika grep MHz /proc/cpuinfo na kuona prosesa ambayo kasi yake ya kawaida iko juu ya 3000 inatembea chini ya nusu. Kwenye dmesg, yaani ujumbe wa mfumo wenyewe, palikuwa na mistari inayosema joto limevuka kikomo na kasi imepunguzwa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kazi ni ileile lakini inachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo asilimia inapanda bila mtu yeyote kuongeza kazi. Ukiangalia asilimia peke yake huwezi kulijua hilo kamwe.

Jioni nilifungua kasha la seva. Mapezi ya kupozea yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana kama blanketi. Tulilitoa kwa brashi laini na hewa ya kompresa kwa mbali, seva ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, huku nimeshika feni kwa kidole zisizunguke. Mchana wa kesho yake kasi haikushuka tena kiasi kile. Mzee alifurahi, akadhani tumemaliza. Nilimwambia bado, kwa sababu saa 2 asubuhi, chumba kikiwa bado na ubaridi, prosesa ilikuwa imejaa vilevile.

Hapo programu ya sysstat ilinisaidia sana. Kwenye Ubuntu unaiweka, unaiwasha kwa kuandika ENABLED="true" ndani ya /etc/default/sysstat, na inaanza kuandika hali ya mashine kila baada ya dakika 10 hata kama wewe umelala. Kesho unaandika amri yake, sar -u -1, na kusoma jana yote. Siku chache zikanipa picha ambayo sikuitarajia: matumizi hayakupanda polepole kadiri watu walivyoingia. Yalipanda kwa ngazi. Kutoka chini hadi karibu 25, yakakaa. Kisha 50, yakakaa. Kisha 75. Kisha 100, na hapo ndipo simu za Kolwezi zilipoanza. Robo moja ya mashine ni kiini kimoja. Kwa hiyo kila ngazi ilikuwa kazi moja nzito inayokamata kiini chake na kutokiachia.

Nilijiuliza ni nani anayepandisha ngazi hizo. Sikuuliza kwa simu wala barua pepe. Nilichukua kiti nikaenda kukaa na mama wa hesabu, kwa sababu saa za ngazi zilifanana na saa za kazi yake ya asubuhi. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mama, fanya kazi kama kila siku, mimi natazama tu." Alifungua ripoti ya mauzo, ile inayobadilisha faranga zote kuwa dola ili mzee aione kwa sarafu moja. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Akanywa chai, akapanga makaratasi, akatazama skrini, akafunga dirisha la kivinjari, akafungua jipya, akabonyeza tena. Nikamuuliza kwa upole kwa nini. "Kama haitoke, minafinya tena, baba. Siku zingine inatoka kwa mara ya tatu."

Nilikuwa na kompyuta yangu mapajani, top ikiwa wazi. Aliposema hivyo, mchakato wa pili wa postgres ulikuwa tayari umepanda hadi 100%, na wa kwanza bado uko palepale, hai. Mama aliamini, kama watu wote wanavyoamini, kwamba kufunga dirisha kunasimamisha kazi. Hakusimamishi. Kivinjari kimeondoka, lakini swali lilishafika kwenye hifadhidata na linaendelea kuhesabu jibu ambalo hakuna atakayelipokea. Kila alipobonyeza aliongeza mzigo, na alibonyeza kwa sababu mzigo ulikuwepo. Mtu wa hesabu wa Likasi naye alikuwa anafanya hivyohivyo. Sikumlaumu hata kidogo na nisingependa fundi yeyote amlaumu: ripoti aliihitaji, na skrini haikumwambia lolote.

Sasa nilikuwa na namba za michakato. Hapa PostgreSQL inakurahisishia, kwa sababu PID (namba ya mchakato) unayoiona kwenye top ndiyo PID iliyomo kwenye pg_stat_activity, orodha ya kinachoendeshwa ndani ya hifadhidata. Nilichukua namba, nikaandika:

SELECT pid, state, now() - query_start, query FROM pg_stat_activity WHERE pid = 

na namba yenyewe. Likatoka swali la ripoti lenyewe, limeshaendeshwa zaidi ya nusu saa. Ukitaka kulisimamisha, tumia pg_cancel_backend na PID hiyo, likikaidi, pg_terminate_backend. Usitumie kill -9 kwenye mchakato wa postgres hata ukiwa umebanwa namna gani: hifadhidata itadhani mmoja wake amekufa vibaya, itawafukuza wote waliounganishwa na kuanza kujirekebisha, na hapo depo na matawi yote matatu yatasimama kwa pamoja.

Swali lilionekana jepesi. Linasoma mistari ya faktire za mwaka, linajumlisha. Kwenye EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa kujibu swali, hapakuwa na cha kutisha, na hapa wengi wangekwama. Ndani ya swali kulikuwa na funksheni moja inayoitwa kwa kila mstari, ya kutafuta bei ya dola ya siku ile kwenye tawi lile. EXPLAIN haionyeshi yanayotokea ndani ya funksheni ya namna hiyo. Ikikuonyesha kitu, ni jina lake tu. Niliona ukweli kupitia takwimu za majedwali, pg_stat_user_tables, safu ya seq_tup_read, ambayo inahesabu mistari iliyosomwa kwa kupitia jedwali zima. Jedwali la faktire, ambalo ndilo kubwa, lilikuwa mbali chini. Lililoongoza, tena kwa tofauti ya kutisha, lilikuwa jedwali dogo la bei ya dola ambalo hakuna aliyelifikiria.

Kongo tunauza kwa sarafu mbili, na bei ya dola haifanani siku hadi siku wala mji hadi mji. Kila tawi lilikuwa linaingiza bei yake kila asubuhi, kwa miaka. Jedwali lilikuwa limefika mistari kama 6,000, na halikuwa na faharasa (index) ya tawi na tarehe. Faktire za mwaka zilikuwa na mistari kama 300,000. Kwa kila mstari funksheni ilikuwa kama karani anayeambiwa atafute bei ya siku moja kwenye daftari, na kila mara anaanza ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Zidisha 300,000 kwa 6,000 upate mistari bilioni 1.8 ya kulinganishwa kwa ripoti moja. Na kwa kuwa jedwali ni dogo, lote linakaa kwenye kumbukumbu (RAM), diski haiguswi. Ndiyo maana us ilijaa na wa ikabaki sifuri. Ngazi za 25 nazo zilikuwa na maelezo yake: funksheni ya PL/pgSQL (lugha ya ndani ya PostgreSQL) isiyotangazwa kuwa salama kwa kazi sambamba hailiruhusu swali kugawanywa, kwa hiyo swali moja linashika kiini kimoja tu.

Ningekuwa na muda zaidi ningewasha mapema pg_stat_statements, nyongeza ya PostgreSQL inayohesabu maswali na muda wake, na ningeiwekea pg_stat_statements.track = 'all' ili ihesabu hata maswali yaliyomo ndani ya funksheni. Inahitaji kuanzisha upya PostgreSQL, basi panga Jumapili.

Nilifanyia majaribio kwenye nakala ya hifadhidata kwanza, kwenye kompyuta nyingine. Kisha, jioni depo imefungwa, nikaandika kwenye seva:

CREATE INDEX CONCURRENTLY kwenye jedwali la bei, kwa safu za sarafu, tawi na tarehe.

Neno CONCURRENTLY linaruhusu watu kuendelea kuandika wakati faharasa inajengwa. Halikubali kuwekwa ndani ya muamala (transaction), na likikatika katikati linaacha faharasa mbovu iliyoandikwa INVALID ambayo njia ya kawaida ni kuifuta na kuanza upya. Kwa jedwali dogo kama lile, ilijengwa kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Nikaendesha ripoti. Ile ya nusu saa na zaidi ikatoka kwa sekunde chache. Niliirudia, nikalinganisha jumla na ripoti ya zamani iliyochapishwa, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu ripoti ya haraka yenye hesabu isiyo sahihi ni balaa kubwa kuliko ya polepole. Zililingana. Nilikaa pale kwenye kiti peke yangu nikasikia mabega yangu yanashuka.

Lakini kulikuwa na ngazi moja ambayo haikumhusu mama. Kwenye kumbukumbu za sar, ngazi ya kwanza ilianza saa 2 kamili asubuhi, hata siku ambayo mama alikuwa msibani na ofisi yake imefungwa. Watu hawafiki kazini kwa dakika moja namna hiyo. Saa kamili ni alama ya cron, kipangaji cha kazi zinazojiendesha kwa saa. Nikaikuta: kazi ya kukokotoa stoki upya, inayotumia funksheni ileile, imepangwa saa 06:00. Aliyeipanga aliiwaza iwe saa 12 alfajiri, kabla ya watu. Lakini amri ya timedatectl ilionyesha seva inakwenda kwa saa za UTC, zile za kimataifa, na Lubumbashi iko UTC+2. Saa 06:00 ya seva ndiyo saa 2 yetu ya asubuhi, mlango unapofunguliwa. Wenzetu wa Kinshasa wako UTC+1, kwa hiyo mtu akikupangia kazi kutoka kule au kutoka Ulaya, muulize amekusudia saa za wapi, halafu uhakikishe mwenyewe.

Sikubadilisha saa za seva. Faktire zina tarehe na saa, programu ilishazoea UTC kwa miaka, na kugeuza saa ya mashine yenye hesabu za watu kunaweza kuleta faktire zinazoonekana zimetoka kesho. Nilisogeza kazi tu, 02:00 ya seva, na nikaizungushia flock ili isijianzishe mara mbili kama ya jana haijaisha. Usiku umeme ukikatika na mlinzi akachelewa kuwasha jenereta, kazi hairuki tena siku nzima. Kuna ya pili saa 04:00 ya seva inayoangalia kama ya kwanza ilifanyika.

Halafu nikaweka kizuizi kwa mtumiaji wa ripoti: ALTER ROLE na jina lake, SET statement_timeout = '5min'. Swali likizidi dakika 5 linakatwa lenyewe. Nilikiweka kwa huyo mmoja, si kwa hifadhidata nzima, maana nakala za usiku huchukua zaidi ya hapo na zingekatwa bila mtu kujua. Walioandika programu nao walikubali kuzima kitufe cha ripoti kikishabonyezwa mara moja, na kuandika "inahesabiwa". Mama wa hesabu ndiye aliyesema maneno hayo yawekwe, na ndiyo yaliyopunguza simu kuliko kazi yangu yoyote.

Gharama, kwa wanaotaka kujua: brashi, kompresa ya kuazima, nauli, na fundi wa umeme aliyevuta laini ya kiyoyozi hadi kwenye jenereta. Kiyoyozi kinakula mazuti, yaani dizeli ya jenereta, na mzee alilalamika mpaka nilipomwekea proforma ya seva mpya kando ya bei ya mazuti ya mwaka. Proforma ile haikutiwa sahihi. Sasa asubuhi viini vyote vinne vikijumlishwa havifiki nusu, na Kolwezi wanapiga simu kwa mambo mengine.

Kila Jumatatu naendelea kufungua pg_stat_user_tables na kupanga kwa seq_tup_read, kwa sababu matawi yanaongezeka na majedwali madogo yanakua kimya. Wiki iliyopita jedwali la bei za usafiri lilianza kupanda. Nimeshawaandikia walioandika programu, na nimewatumia swali lenyewe, muda wake na idadi ya mistari, wasianze kwa kutuambia tununue mashine.